Marehemu Hajui Stesheni

Viazi vitamu vikichemshwa, vikamenywa, vikakatwa vipande na kuanikwa juani mpaka vikawa vigumu kama ngozi ya kiatu, kwetu tunaviita matobolwa. Harufu yake ni ya utamu ulioungua kidogo, utamu wenye vumbi na jua ndani yake. Nikiipata harufu hiyo hata leo, pale sokoni Tabora wanapokaa akina mama wanaotoka Usoke na vikapu vyao, miguu yangu ndiyo inayokumbuka kwanza, kichwa kinafuata baadaye. Nyayo zinawasha. Naona njia nyembamba ya mchanga mweupe katikati ya miti ya mitundu na mininga, na mbele yangu kisigino cha Bibi kinainuka na kushuka, kimepasuka kama udongo wa mbuga wakati wa kiangazi. Nilikuwa na meno mapya ya mbele mwaka ule, makubwa kuliko uso wangu. Uhuru tulikuwa tumeshaupata, na Ujamaa ndiyo kwanza ulikuwa umetufikia.

Bibi yangu mzaa baba aliitwa Nyamizi. Mimi naitwa Kalunde, na jina hilo ni la mama yake yeye, Nyamizi. Kwetu Unyamwezini mtoto akirithi jina la marehemu, anairithi na heshima yake. Kwa hiyo Bibi, pamoja na mvi zake zote, aliniita mayu, yaani mama. Nikivunja kibuyu, wenzangu walichapwa, mimi niliambiwa, “Mayu, kwa nini unanifanyia hivi mwanao?” Nilipenda sana kuwa mama wa bibi yangu. Dada yangu Mwashi alinionea wivu, akawa ananichokoza, “Mama gani huyu anayekojoa kitandani?” Bibi akisikia alimfukuza na mwiko.

Huyo Kalunde wa kwanza alikuwa mke wa mpagazi. Watu wa siku hizi wakisikia habari za misafara wanadhani walikuwa wanaume watupu na mizigo yao. Sivyo. Wanyamwezi walikwenda pwani na wake zao na watoto wao, mke kabeba chungu na mkeka, mtoto kabeba kibuyu cha maji, wakatembea mpaka baharini wakairudia njia ile ile. Bibi alikwenda safari hiyo akiwa mdogo kama nilivyokuwa mimi. Walipokuwa wanarudi, wameshavuka Mgunda Mkali, lile pori lenye kiu lililowamaliza wengi, wameshaanza kuzisikia harufu za kwao, mama yake akashikwa na homa. Akafia juu ya mlima mmoja mashariki ya Tabora, mlima wa mawe tunaouita Ipembe, pale njia inapopita begani kwake kabla haijashuka. Wakamzika kando ya njia. Bibi akaweka jiwe moja jeupe aliloliokota mtoni, na kila mpagazi akaweka lake. Ndiyo ilikuwa desturi: kila apitaye mahali alipolala msafiri huongeza jiwe na kumsalimu, hata kama hamjui. Kwa miaka na miaka rundo lile likakua, maana njia ile ilikuwa haikauki watu.

Sasa tukaambiwa tuhame. Kwetu kulikuwa Isongwa, kusini ya Usoke, nyumba moja hapa, nyingine kule, katikati mashamba ya karanga na mihogo. Tulitakiwa twende kijijini, kando ya reli pale Usoke, tukae pamoja, tulime pamoja, watoto wapate shule na kisima. Baba yangu, Mzee Mashaka, aliufurahia mpango huo kuliko wote. Alikuwa ameshachagua kiwanja. Bibi hakukataa kuhama, nataka hilo lieleweke, maana wengi wanapozisimulia siku zile husema wazee walikuwa wabishi. Bibi alisema neno moja tu, jioni moja tukiwa tunapukuchua mahindi. “Mama yangu njia anayoijua ni ya Isongwa. Siku yangu ikifika, ndiye atakayekuja kunichukua. Akija akakuta nyasi, mimi nitaondoka na nani?”

Baba akasema kwa upole, “Mama, tutamwambia hapa hapa. Tutachinja mbuzi.”

“Mtu hahamishwi kwa kupigiwa kelele,” Bibi akasema. “Anafuatwa alipo, anaambiwa.”

Baba akasema basi apande treni, reli inapita karibu na huko huko, na yeye atamkatia tiketi. Hapo Bibi akacheka mpaka akashika ubavu. “Marehemu hajui stesheni, Mashaka. Mama alikwenda kwa miguu. Nikimfikia kwa treni atauliza nimepita wapi, nitamwelekeza vipi njia ambayo mimi mwenyewe sikuikanyaga?” Baba akasema miguu ya Bibi haifiki. Bibi akasema miguu yake itafika, ila ni lazima aende na mayu wake, kwa kuwa mtu hawezi kwenda kumsalimu Kalunde akamwacha Kalunde nyumbani. Hivyo ndivyo nilivyoingia safarini, mimi na kibuyu changu, mfuko wa matobolwa, unga kidogo wa mtama uliofungwa kwenye kitambaa, na fimbo ya Bibi. Wakati huo mavuno yalikuwa yamekwisha, upepo wa kipupwe unavuma asubuhi, na nyumba yetu ilikuwa ibomolewe tukisharudi.

Nimetembea sana maishani, lakini kutembea nilifundishwa katika safari ile. Bibi alinikataza kuuliza kama bado mbali. “Uliza maji yako wapi,” alisema, “mbali haina mwisho.” Alinionyesha namna ya kukanyaga na unyayo wote ili kisigino kisichoke, na namna ya kumeza mate kabla ya kunywa maji. Tukikuta mti ulioanguka njiani, hakuuruka, aliuzunguka, na aliporudi kwenye njia alipumua kama mtu aliyerudi nyumbani. Barabara ya magari tuliifuata pale ilipolala juu ya njia ya zamani, na barabara ilipokata kona, sisi tulinyoosha tukaingia miombo. Mimi sikuona njia hata kidogo. Yeye aliiona. Aligonga ardhi kwa fimbo na kusikiliza, maana mchanga uliokanyagwa na vizazi na vizazi, alisema, haulii kama mchanga mwingine. Mbung'o walituuma shingoni. Mchana tuliokota matonga yaliyoiva, tukayapasua kwenye jiwe. Jioni tulipiga hodi kwenye nyumba yoyote tuliyoiona, na hakuna aliyetufukuza. Nawakumbuka kwa majina: Mama Shija aliyetupa maziwa yaliyoganda, Mzee Lubasha aliyetandika mkeka wake mpya, na mbwa wake Simba aliyenisindikiza mpaka mtoni. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wahenga, na siku zile watu walikuwa bado wanaponea wageni.

Tabora mjini tulifikia kwa Bi Zuwena, bibi wa Kimanga, yaani Mwarabu, mweupe, mwembamba, mwenye harufu ya udi na mdalasini. Babu yake ndiye aliyekuwa na msafara ule aliokwenda nao baba yake Bibi. Walisalimiana kwa muda mrefu kama watu wanaohesabiana mifupa. Nilikaa kwenye baraza ya saruji baridi, nikapewa halua kwenye kijisahani, nikailamba polepole ili isiishe. Bi Zuwena alipoyaona malengelenge ya Bibi aliguna. “Nyamizi, dunia imekwenda mbele, na wewe unarudi nyuma kwa miguu. Kesho asubuhi nakupakia kwenye treni.”

“Babu yako alimpakia baba yangu kwenye treni?” Bibi akauliza.

“Babu yangu alimpakia baba yako pembe ya ndovu begani,” Bi Zuwena akasema, naye akatazama chini. Kisha akaleta maji ya moto yenye chumvi, akakaa chini kwenye sakafu, na kwa mikono yake yenye hina akamwosha Bibi miguu. Asubuhi akatufungia mikate, akanivisha na ushungi wake wa zamani wa maua ya zambarau. Niliutunza ushungi ule mpaka nilipoolewa.

Ipembe tuliuona kutoka mbali, mgongo wa mawe meusi ukiwa umechomoza juu ya miti. Tulipoukaribia ukakua, ukawa ukuta. Njia inaupanda kwa upande, juu ya mwamba mtupu, na hapo nikaona kwa macho yangu kile alichokuwa akinieleza Bibi: katikati ya mwamba kuna mfereji, wenye upana wa unyayo, laini kama ndani ya chungu. Haukuchimbwa na mtu. Ulichimbwa na nyayo. Nilivua ndala zangu nikaweka mguu ndani yake, mwamba ulikuwa umehifadhi joto la jua, na nikaona kama nimeweka mguu wangu ndani ya mguu wa mtu mwingine. Bibi alipanda nyuma yangu safari hii, akishika jiwe kwa mkono, akipumzika kila penye kivuli. Midomo yake ilikuwa imekauka, na kila alipopumzika, mapumziko yalikuwa marefu zaidi. Niliogopa. Nikamwambia, “Bibi, tukae kabisa.” Akasema, “Mwenda pole hajikwai, mayu. Tangulia. Ukifika juu utaona rundo, kubwa kama nyumba. Unisubiri hapo, usiliguse kabla yangu.”

Nikatangulia. Nikafika juu. Hapakuwa na rundo.

Palikuwa na uwanja mdogo wa udongo uliopauka, umbo la duara, majani hayajaota bado, na nge wawili watatu wakitafuta mawe yao. Nilidhani nimekosea njia. Bibi alipofika alitazama ule udongo, akatazama miamba ya pembeni, akatazama tena. Kisha akaketi, si pale penye uwanja, kando yake, kama mtu anayekaa kando ya kitanda cha mgonjwa. Upepo ulikuwa unapiga nguo zetu. “Wamemhamisha kabla yangu,” akasema. Alilisema kwa sauti ndogo, na lile ndilo lililonitisha, maana bibi yangu hakuwa mtu wa sauti ndogo. Mtu aliyetembea toka Isongwa mpaka pale na neno moja mdomoni, sasa hana wa kumpa.

Kutoka pale juu, upande wa mashariki, tuliona chini kijiji kipya, nyumba zimepangwa mistari kama mahindi, na katikati jengo refu la mawe lisilo na paa. Sauti ya nyundo ilipanda mpaka kwetu. Bibi akainuka. Alishuka mlima ule kwa kasi ambayo sikuijua, fimbo inagonga, mimi nakimbia nyuma na kibuyu.

Palikuwa na watoto wa shule wanabeba maji ya kuchanganyia udongo, na juu ya jukwaa la miti alisimama fundi, mtu mfupi mwenye kofia ya kiua, jina lake Kibwana. Bibi akasimama chini yake. “Nani aliyechukua mawe ya pale juu?”

“Shikamoo kwanza, bibi,” fundi akasema bila kugeuka. “Huko mnakotoka hamna salamu?”

“Marahaba. Mawe.”

“Tumeyachukua sisi. Yalikuwa yamerundikwa tayari. Nikasema mkoloni alitaka kujenga kitu akaghairi. Watoto wameyateremsha kichwani, wiki nzima.”

“Lile ni kaburi la mama yangu.”

Nyundo ikanyamaza. Mtoto mmoja akatua ndoo yake taratibu. Fundi Kibwana akageuka, akamtazama Bibi, akatazama mavumbi ya miguuni mwetu. “Bibi ni wa kabila gani?”

“Mnyamwezi.”

Fundi akashuka ngazi. Akajifuta mikono kwenye suruali, akasimama mbele ya Bibi, na mimi nilitegemea aombe radhi. Badala yake akajishika kiuno. “Mimi Mzaramo. Kumbe ni ninyi. Siku zote najiuliza ni watu gani wanaomzika mzazi njiani halafu wanakwenda zao kula viazi. Mtani, mama yako kanyeshewa pale juu miaka yote hii, nimetoka pwani mimi kumjengea nyumba ya bati, na wewe unaniletea uso wa ndimu?”

Nilijua Bibi atampiga fimbo. Wale ambao hawakulelewa kwetu pengine wanashangaa pia. Lakini wapagazi wa Kinyamwezi walipofika pwani walilala kwenye nyumba za Wazaramo, wakala kwao, wakauguzwa nao, na mmoja akifa mwingine ndiye aliyemzika. Hapo ndipo ulipozaliwa utani, na mtani ana ruhusa ya kukutukana msibani kwa sababu ndiye atakayeshika jembe. Nilimwona Bibi anameza mate, kama alivyonifundisha kabla ya kunywa maji.

“Mzaramo mwizi,” akasema. “Babu zako walituibia chumvi. Wewe umeona chumvi haitoshi, umeiba maiti.”

“Na tumembeba sisi. Ninyi si ndio mnaojisifu kubeba?”

Bibi akacheka. Akacheka, na ndani ya kicheko kile kile akaanza kulia, na Fundi Kibwana akamshika kiwiko, akamketisha juu ya rundo la mchanga, akachuchumaa mbele yake. Sauti yake sasa ilikuwa nyingine. “Mtani, ukuta siubomoi. Watoto hawa wanasomea chini ya jua. Lakini niambie, palikuwa na jiwe la alama?”

“Jeupe,” Bibi akasema. “Niliweka mimi. Nilikuwa kadogo kama haka.”

Fundi alimwinua, akamwongoza mpaka kwenye nafasi ya mlango. Upande wa kulia wa mlango, kimo cha kifua changu, katikati ya mawe meusi lilikuwapo jiwe moja jeupe, limetazama nje. “Nililiona zuri,” akasema. “Nikasema hili lisizikwe kwenye msingi, liwatazame watoto wanapoingia.”

Bibi akalishika kwa viganja vyote viwili. Kwa desturi mtani ndiye anayefungua tambiko, basi Fundi Kibwana akadai ada yake, nasi hatukuwa na kuku, akapewa matobolwa yote yaliyobaki. Akagonga ukuta. “Mama, hodi. Wanao wamefika, wamechelewa kama kawaida yao.” Bibi akakoroga unga wa mtama kwenye maji, akaumimina polepole chini ya jiwe, udongo ukanywa. Akanivuta, akauweka mkono wangu juu ya lile jiwe, wake juu ya wangu.

“Mayu,” akasema, nami sikujua anaongea na nani kati yetu wawili. “Mayu, tunahama. Usije tena Isongwa, utakuta nyasi. Fuata njia ile ile, ukifika relini ifuate, nyumba yetu mlango wake unatazama jua likizama. Siku yangu ikifika nifuate huko. Usinipite.”

Kwetu mtoto akisemeshwa na mkubwa hujibu. Nikajibu, “Nimesikia.”

Mkono wa Bibi ukatulia juu ya wangu. Hakuniambia nimekosea wala nimepatia. Alikaa hivyo kitambo, macho amefumba, na alipoyafumbua uso wake ulikuwa wa mtu aliyetua mzigo. Njiani kurudi aliongea kama chiriku, akanisimulia bahari, akaniigizia Wazaramo wanavyotembea.

Tulihama. Kijijini nilisoma mpaka darasa la nne, kisha mama akaugua nikarudi jikoni. Bibi alifariki miaka kadhaa baadaye, kwenye nyumba ile inayotazama jua likizama. Siku ya mwisho alikuwa anautazama mlango. Nilikuwa nimekaa naye, akasema, “Kafika,” nami sikumwona mtu, lakini nilisogea kidogo kwenye mkeka, kumpisha.

Sasa mimi ndiye mwenye mvi. Kijiji kile nimekiacha, watoto wangu wametawanyika, na tangu mwaka jana naishi hapa Tabora mjini kwa mwanangu Juma, chumba kizuri, umeme upo, maji yapo ndani. Barabara ya kwenda mashariki ina lami, watu wanaupita Ipembe wakiwa wamesinzia. Mjukuu wangu alipita huko kikazi akanipigia picha kwa simu: shule imejengwa upya kwa matofali, lile jengo la mawe ni stoo, na jiwe jeupe bado lipo, limeng'aa kama sahani. Mwalimu kamwambia watoto hulipapasa wakienda kwenye mtihani, hawajui kwa nini. Nilifurahi. Halafu sikupata usingizi. Maana Bibi Nyamizi anaijua nyumba ya kando ya reli, na mimi simo tena ndani yake, na hakuna aliyekwenda kumwambia.

Binti wa Juma nilimpa jina mwenyewe, Nyamizi. Ana meno mapya ya mbele. Namwita bibi, na wenzake wa shule wanamcheka. Juzi nimemwagiza viazi sokoni, tumevichemsha pamoja, na sasa vimeanikwa juu ya bati la jiko, nyumba nzima inanukia. Juma kaniuliza vya nini, nikamwambia nakwenda kwa Bibi, Usoke, na huyu mtoto nakwenda naye likizo ikifika. Akasema sawa, mama, atatukatia tiketi za basi, siku hizi ni kufumba na kufumbua.

Nyamizi mdogo ndiye aliyemjibu, mdomo umejaa kiazi. “Baba, marehemu hajui stendi.”

Nikamtazama Juma, nikamwona anaitazama miguu yangu.